Kanzu za Kafara

Kaole, kwa Mwalimu Mwinyimvua,
Bagamoyo.
Ijumaa, 9 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Arafa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya lolote nakuuliza hali. Waonaje afya yako? Mgongo umekuacha, au bado unakuuma ukiinama? Shemeji na sukari yake? Na wanangu wawili, wananikumbuka, au wameshasahau kama wana mama mkubwa Kaole? Nasikia mwezi huu huko Maskati mnajifunika mablanketi. Sisi huku joto limetukaba, hata kuku mchana wanahema midomo wazi chini ya banda.

Sisi tu wazima, alhamdulillah. Presha ninayo, lakini siku hizi tunasikilizana. Kaka Mwinyi naye hajambo. Hapo nakuomba usome tena: hajambo. Siyo ile hajambo ninayokupa kwenye simu ili upate kulala. Hii ni hajambo ya kweli, na ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Mdogo wangu, mimi na simu hatuaminiani tena. Tangu siku ile nilipokurekodia sauti juu ya pilau la harusi ya kina Chausiku, nikasema mchele mbichi na nyama zimehesabiwa, kumbe nimeibonyeza kwenye kundi la ukoo, watu themanini na kitu wakasikia, na Chausiku mwenyewe akawa wa kwanza kunijibu! Basi habari nzito nikaona niziandike kwa mkono. Dija anarudi kwa mumewe huko Maskati Jumatano, nimempa bahasha na nimeishona kwa uzi mwekundu. Ukikuta uzi mweupe, jua amesoma.

Habari yenyewe ni ya heri, kwa hiyo kaa kitako. Inamhusu mwana wetu Jasmin, binti wa kaka. Ila ndani yake mna jambo langu mimi, nimekaa nalo miaka kumi na moja bila kukwambia, wewe tuliyetoka nawe tumbo moja. Ukifika hapo usiitupe barua. Soma mpaka chini.

Wewe uliondoka Jasmin bado msichana mdogo. Mengi ya baada ya hapo umeyasikia kwa watu, na watu huongeza chumvi. Acha nikupangie upya.

Mama yake alipofariki, Mungu amlaze pema, ndio mwaka nilioachika mimi. Nikarudi hapa na vitoto vyangu viwili, kaka akanipa chumba cha uani, nikamlea Jasmin pamoja na wangu. Akarefuka, nikimshonea gauni Idi hii, Idi ya pili linamwacha magoti. Uzuri wake ni ule wa bibi yetu Mwanaasha, uzuri wa shingo. Alikuwa akitoka kisimani na ndoo kichwani, haimwagiki tone, na wanaume wazima wanasahau walikuwa wanakwenda wapi.

Mwaka 2014 alimaliza kidato cha nne, alama hazikutosha kuendelea, akawa nyumbani tunasuka ukili wa mikeka pamoja. Yakatangazwa mashindano ya mrembo wa mkoa. Mwalimu wake mmoja wa zamani akampa fomu, na ile fomu ilitaka sahihi ya baba. Jasmin akaja nayo jikoni, akaiweka karibu na kinu.

Hapa ndipo pangu, Arafa. Aliyetia sahihi ya Kaka Mwinyi kwenye fomu ile ni mimi.

Siyo Jasmin. Mimi. Unajua kaka anaweka jina lake kwa herufi za Kiarabu, na unajua sote watatu tulifundishwa na marehemu baba kwenye ubao mmoja. Nikapiga bismillahi, Mungu anisamehe, nilipiga bismillahi juu ya jambo lile, nikaandika jina la kaka kama aliandikavyo mwenyewe. Na nikaona fahari jinsi lilivyotoka zuri.

Utaniuliza kwa nini, mimi nisiyekosa kipindi cha swala. Mavazi yale si yetu, nilijua hivyo siku ile na najua hivyo leo. Lakini mimi nilitolewa shule darasa la saba nikaozwa kwa mtu ambaye hata sura yangu hakuwahi kuitazama vizuri mpaka siku ya kuniacha. Nikataka katika sisi apatikane mmoja wa kutazamwa. Na kusema kweli nilidhani atashindwa mapema, atarudi na kanga ya zawadi, yaishe.

Akashinda.

Alipoulizwa swali jukwaani, alisema wasichana wengi wa vijijini kwetu wanakosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa kitu kidogo cha kujisitiri. Ukumbi ukapiga makofi. Akavishwa taji na ule utepe wa begani, amevaa gauni la buluu, bega moja wazi. Picha ikatoka gazetini na bega lile wazi.

Gazeti Kaole si kitu cha kila siku, lakini lile lilifika, tena mkononi mwa Abdulrazak mchinjaji. Akamfunulia kaka kwenye baraza la msikiti, watu wanatoka kuswali Alasiri. "Mwalimu, bintiyo kavishwa taji! Wewe kofia yako ina miaka mingapi?" Watu wakacheka. Kaka hakucheka.

Akaja nyumbani na gazeti limekunjwa kwapani. Jasmin alikuwa amerudi asubuhi ileile. Kaka akamwuliza nani kamruhusu. Jasmin akasema fomu ilitiwa sahihi. Na nani? Jasmin akanitazama. Mimi nilikuwa nimekaa nasuka kawa ya kufunikia chakula, nikainamisha uso kwenye ukili kama niliyepotelewa na njia ya msuko. Yule mtoto akasema, "Mimi, baba. Nimeandika mimi."

Kaka aliliweka lile gazeti chini. Unajua jina lake limo kwenye nikaha za nusu ya watu wa hapa, kama shahidi, na kwenye kila cheti cha madrasa. Akasema neno ambalo sijalisahau: "Bega ningelifunika. Jina langu nitalifunika na nini?" Kisha akainua kidole akaapa. Wallahi, aliyeandika jina langu kwenye karatasi ile hatopita mlango wa nyumba hii nikiwa hai, wala sitolisimamia jambo lake lolote.

Ningeweza kusema. Mdomo ninao. Lakini watoto wangu walikuwa mmoja ana miaka sita na mwingine minne, na chumba kile cha uani ndicho pekee nilichokuwa nacho duniani. Jasmin akatoka na begi lake la shule. Nilimfuata mpaka kwenye migomba. Akanishika mkono akasema, "Shangazi, usiseme. Wewe una watoto." Umri wake miaka kumi na tisa.

Wiki ile ulinipigia simu, ukasema, huyu mtoto jeuri kaipata wapi, kughushi jina la baba yake? Nami nikakujibu, ndiyo hivyo, mdogo wangu. Maneno yale mawili, ndiyo hivyo, yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu mpaka mwezi uliopita.

Sasa habari zake baada ya hapo. Mashindano ya taifa hakufika hata kumi bora. Lakini mwaka ule wa taji walimtumia sana, uzinduzi huu, hafla ile, matangazo ya sabuni. Pakasimamishwa bango lake kubwa pale kituoni Zinga, anacheka, ameshika kipande cha sabuni shavuni. Na shamba la kaka la mihogo si lipo Zinga? Basi kaka akawa anashuka kituo cha nyuma yake na kukata njia mashambani kwa miguu, jua kali, jembe begani, ili asiuone uso wa mwanawe. Miezi minane, Arafa. Mvua za masika zilipolichana lile bango ndipo akarudi kushuka Zinga.

Mwaka ukaisha, taji akavishwa mwingine, simu zikanyamaza. Nilihofu. Lakini mtoto ana akili kuliko sisi. Aliniambia, "Shangazi, uzuri nimeazimwa, siku yoyote mwenyewe atakuja kuuchukua. Nataka kitu changu." Akaingia chuo cha ufundi, akajifunza kushona miaka miwili. Leo ana duka lake mjini, nyuma ya soko, na cherehani nne. Anashona buibui, kanzu, sare za shule, na vile vitambaa vya wasichana alivyovisema jukwaani anavipeleka mwenyewe mashuleni, mpaka Vigwaza huko. Taji analo bado. Kalitundika kwenye msumari ukutani, watoto wa wateja hulivaa wakisubiri mama zao wapimwe.

Na kila Ijumaa, miaka yote hiyo tangu arudi kutoka chuo, amekuja Kaole kumwamkia baba yake. Anakaa barazani, nje. Mguu wake haukuvuka kizingiti hata siku moja, kwa heshima ya kiapo kile ambacho, mwenyewe anajua, hakikuwa chake. Mimi namtolea chakula nje kama mgeni. Kaka anatokea mlango wa uani, asikutane naye. Mwaka juzi kaka alipolala na malaria, Jasmin alikaa chini ya dirisha siku mbili, nami natoka nikimpa habari kama mtangazaji wa mpira: kanywa uji, katapika, kalala. Nikirudi ndani, ninapita mlango. Mimi. Napita mlango.

Ndipo akatokea Mikdad, mtoto wa watu wa Vigwaza, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, ana dini yake. Barua ya posa ililetwa na wazee wake kwa adabu zote, miaka miwili iliyopita. Kaka akaipokea, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua, akasema, "Mimi nimeapa sitolisimamia jambo lake." Wazee wakaondoka na aibu yao.

Jasmin aliambiwa kadhi anaweza kumsimamia, sheria ipo. Akakataa katakata. "Mimi nina baba. Sitaki kuolewa kama niliyeokotwa." Mikdad akasema atangoja. "Mie nafundisha darasa la kwanza, shangazi. Kungoja ndiyo kazi yangu." Lakini mama mtu hakuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwezi wa Mfungo Nane alituma neno: Rajabu ikiisha bila jibu, mwanawe ataposewa kwingine. Na Jasmin ana miaka thelathini. Kila mwezi ulipoandama nilikuwa nauona kama kisu.

Sasa sikiliza yaliyonivunja.

Desemba Jasmin alitiwa kwenye kamati ya mashindano yaleyale. Akawaambia karatasi peke yake haitoshi. Kila msichana aje na mzazi wake kwa miguu yake, aulizwe mbele ya watu, umeridhia? Wakakubali, na redio ikatangaza. Siku ile tunakula mchana, kaka ana tonge mkononi, akacheka kicheko kikavu, akasema, "Aliyevunja dirisha ndiye ajuaye lilipo bovu. Leo anawafundisha wenziwe kuweka komeo."

Nikaacha kula. Nikaona kumbe mtoto yule hata huko aliko anaziba tundu nililolitoboa mimi, ili asije shangazi mwingine akamfanyia mtoto mwingine, na bado anatukanwa kwa hilo. Nikatawadha, nikaswali rakaa mbili. Nikachukua mkeka wangu na ukili wangu, nikatoka mlango wa mbele, nikakaa barazani, pale anapokaa Jasmin.

Kaka akarudi kutoka Alasiri.

"Ashatu, chai."

"Ipo jikoni kaka, kwenye chupa. Mie siingii."

"Una nini?"

"Sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Yako. Uliapa aliyeandika jina lako hatopita mlango huu. Kaka, mimi nimeupita miaka kumi na moja. Leo nimechoka kuupita."

Alikuwa anavua makubadhi, mguu mmoja tayari, mwingine bado. Akasimama vilevile. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa chaki yake ya madrasa, akanitupia. "Andika."

Nikaandika jina lake pale sakafuni. Akaliinamia, akalitazama muda ambao mimi nilihesabu istighfari thelathini. Akalifuta kwa kiganja.

"Hata mimi siandiki vizuri hivi," akasema. Halafu, "Na mtoto alisema ni yeye?"

"Kwa ajili yangu. Na ya wanangu."

Akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. Sijapata kumwona kaka yetu kichwa wazi tangu siku tuliyomzika baba. Hakunigombeza. Ningetamani anigombeze. Alikaa hivyo mpaka mwadhini akaita Magharibi, akavaa kofia yake, akaenda.

Kesho yake akaenda mjini kwa Sheikh Husseni. Sheikh akamwambia kiapo kina mlango wa kutokea, na mtu akiapa kisha akaona lililo bora, alifanye lililo bora na atoe kafara: alishe masikini kumi, au awavike. Kaka, si unamjua kwa kushika mambo, akauliza, kafara hii ni ya nani, ya Jasmin niliyemkusudia au ya Ashatu niliyemtaja kwa tendo lake? Sheikh akasema, Mwalimu, wewe toa, Mungu anajua kugawa.

Akarudi, akasimama mlangoni yeye ndani mimi nje, akanisomea hukumu. Siingii mpaka kafara itimie. Siku tisa, Arafa! Nimelala kwa Mwanvita jirani, ananiamsha kila asubuhi, "Mkimbizi, chai tayari." Mchana nakaa barazani kwetu, kaka anajipikia mwenyewe. Nasikia harufu ya wali ukiungua, nauma ulimi. Siku ya tatu dirisha likafunguka, ukatoka mkono na kikombe cha chai isiyo na sukari. Nikainywa yote.

Siku ya nne akatoka amevaa vizuri. "Kulisha, watakula watasahau," akasema. "Nitawavika. Vaa buibui lako, twende mjini."

Mdogo wangu, kaka hajawahi kufika kwenye lile duka. Alipofika ngazini akapiga hodi kama mteja. Jasmin alikuwa ametupa mgongo, yuko kwenye cherehani, akaitika, "Karibu," bila kugeuka. Akageuka. Mguu wake ukabaki kwenye pedali, cherehani ikaendelea kushona peke yake mpaka uzi ukajaa mafundo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kanzu kumi."

"Za nani, baba?"

"Za masikini. Za kafara."

Jasmin akanitazama. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akafahamu yote, nikaona mabega yake yanashuka kama aliyetua mzigo wa kuni. Lakini ni fundi, akauliza vipimo.

Kaka akatoa mfukoni kamba za ukili. Kumbe zile siku tatu za wali wa kuungua alikuwa anazunguka kijijini, akimpima kila masikini wake kutoka begani mpaka kifundo cha mguu kwa ukili wangu, anafunga fundo, anakata. Jasmin akazipanga juu ya meza moja moja.

"Baba, hizi zipo kumi na moja."

"Najua kuhesabu."

"Na hii ya nani?"

Kaka akatazama ukutani, lilipo lile taji. "Kuna mzee mmoja anaozesha binti yake. Hana kanzu ya kusimamia."

Jasmin akaichukua ile kamba ya kumi na moja, akaivuta, akaikunjua, akasema kwa sauti ya kifundi kabisa, "Mtu hajipimi mwenyewe, baba. Hii fupi. Sogea nikupime." Akachukua futi yake, akamwekea begani. Akafika hapo tu. Futi iko begani mwa baba yake, na kichwa chake kikawa hapohapo, juu ya futi. Mimi nilitoka nje nikajidai nauliza bei ya nyanya.

Kanzu zilishonwa siku tano, Jasmin kazishona kwa mkono wake zote, hakuwapa mafundi wake hata kifungo. Ijumaa iliyopita baada ya swala zikagawiwa pale msikitini. Abdulrazak akashindwa kunyamaza, unamjua: "Mwalimu, kofia bado ileile!" Kaka akamjibu, "Kofia ileile. Tazama kanzu. Kashona binti yangu." Watu wakacheka tena, na safari hii kaka naye akacheka.

Tukaja nyumbani, mimi na Jasmin tunamfuata nyuma. Kaka akaingia. Sisi tukasimama kizingitini kama maharusi wawili wanaooneana haya. Jasmin akaita, "Hodi." Kaka akajibu kutoka ndani, "Tangu lini mtu akapiga hodi kwao?" Jasmin akatanguliza mguu wa kulia, nami nyuma yake, tumeshikana mikono. Akaenda moja kwa moja jikoni. Nikamsikia, "Baba! Hili sufuria limekukosea nini?"

Kisha kaka akapanda kwenye kigoda, akashusha ile barua ya posa juu ya kabati, akaipuliza vumbi, akaifungua kwa kisu, akaisoma yote polepole kama iliyoletwa jana. Akaandika jibu. Alipofika mahali pa kutia jina akasimamisha kalamu, akanitazama juu ya miwani.

"Njoo uandike wewe, Ashatu. Jina langu unaliandika vizuri kuliko mimi."

Nikamwambia, "Mkono wangu umetubu, kaka." Akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akatia mwenyewe. Jibu likafika Vigwaza siku ya pili, mama yake Mikdad akalipokea kwa vigelegele kabla halijasomwa, na Rajabu ilikuwa bado haijafika nusu.

Ndoa ni Ijumaa ya tatu ya Shaabani, inshallah, hapa hapa nyumbani, ndani, siyo barazani. Mimi nasuka mkeka wa bibi harusi, nimeufikisha nusu. Ukipata ruhusa uje. Usipoweza, usijisumbue kuleta kitu. Nakuomba mawili tu. Mpigie Jasmin, yale uliyoyadhani juu yake umwambie umeyatoa moyoni, nawe utoe kweli. Na mimi unisamehe ile "ndiyo hivyo" yangu. Kaka amenisamehe, Jasmin anasema hana cha kunisamehe, jambo ambalo linaniuma zaidi. Umebaki wewe.

Nalala sasa, Arafa. Nalala mpaka Alfajiri bila kugeuka. Nilikuwa nimesahau kama usingizi uko hivi.

Kaka Mwinyi anakusalimu, anasema uache kahawa nyingi. Jasmin na Mikdad wanakuamkia. Mwanvita anakusalimu, anadai kodi ya siku tisa kwa mdomo tu. Wanangu wote wawili shikamoo nyingi. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na huyo Dija mwangalie usoni anapokupa bahasha.

Mungu akukinge na macho ya watu na ndimi zao, na ulimi wako mwenyewe pia, akurudishe kwetu mlango ukiwa wazi. Amin.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Ashatu